Nyota za Pembeni na Ufunguo wa Muyinga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, karibu Gitega. Viti tumeazima parokiani, lakini furaha ni yetu wenyewe.

TULIKOTOKA

Klabu yetu ya nyota ina vyumba viwili: kimoja hapa, kingine Muyinga, ambako wengi wetu tulirudi na wazazi kutoka ukimbizini Tanzania. Cha Muyinga alikianzisha mwenzetu Christina, mzaliwa wa kambini, msichana mwenye ulimi wa pilipili na roho safi.

KAZI YETU

Tulipewa picha ya galaksi jirani, ile ya Pembetatu, tuhesabu nyota majitu, za bluu na nyekundu. Tukaigawana kama shamba. Gitega wakachukua katikati, Muyinga wakapewa pembeni. Hawakunung'unika, maana sisi tuliorudi pembeni tumepazoea.

Hesabu zikagombana. Katikati, bluu zilizizidi nyekundu kwa mbali. Kwa Christina, bluu zilipungua sana, nyekundu zikatamba. Valentin wa Gitega akaangua kicheko: "Banamuyinga, muko munahesabu na usingizi, kweli!"

"Basi njoo uhesabu wewe uliyeamka," Christina akamjibu.

KILICHOTUUMA

Ubishi haujaisha, ofisini kwako ikaamuliwa kwamba Muyinga hawajui kuhesabu: chumba kifungwe, na Christina akukabidhi ufunguo leo. Alilia, na sisi ilituuma sana.

Ndipo tukafanya wafanyavyo wazee wetu pale mpaka wa mashamba unapogombaniwa: kila upande ukakanyage shamba la mwenzake. Valentin akahesabu pembeni, Christina katikati. Loo! Majibu yakawa yale yale ya mwanzo. Kumbe nyota ndizo zinazotofautiana, wala si wahesabuji. Hata wataalamu wameliona hilo, na sababu yake wanaibishania bado. Valentin akaomba msamaha mbele yetu, akamnunulia Christina Fanta, naye akainywa yote bila kumwonjesha.

OMBI

Darubini hatuna: ikija tutashukuru, isipokuja tutangoja, kungoja tunakujua. Ombi letu ni moja.

Anayekusomea risala hii ndiye Christina mwenyewe. Aya hii tulimficha, ndiyo kwanza anaiona. Ufunguo anao mkononi, na kwa alivyo mtiifu, akimaliza kusoma atakunyoshea.

Mgeni rasmi, tunakuomba usiupokee.

Mungu akufikishe kwako salama, kama alivyotufikisha sisi kwetu.

Ni sisi, Klabu ya Nyota, Gitega na Muyinga.