Kigelegele cha Mama Mkwe

Nilikaa nyuma ya watu wawili kwenye basi. Shule nimemaliza, kazi sina, ni masikio tu yenye shughuli. Mama mmoja wa gauni la kijani alikuwa anamwambia fundi bomba aliyekaa naye kwamba mke wa mwanawe anaimba leo ukumbini.

"Bibi yake alitoka Ukraine na nyimbo kichwani. Mkwe wangu ndiye anayeziimba, yeye na piano tu. Maikrofoni hana, na wa kiti cha mwisho anamsikia!"

"Hongera, mama. Sasa mbona unahema?"

Kumbe mara iliyopita alipiga kigelegele katikati. Kule ukumbini zinaimbwa nyimbo nne mfululizo, na hakuna makofi mpaka zote ziishe. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Mkwe wangu akapotea kwenye wimbo. Leo nikirudia, uso nitauweka wapi?"

"Mkweo anaimba hivyo, halafu unyamaze kama uko kwenye mtihani?"

"Baba, ukienda kwa watu, fuata yao."

"Furaha haina adabu, mama. Ukiizibia mlango, inatokea dirishani."

Mimi nilikuwa upande wa fundi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Basi likasimama mbele ya ukumbi. Mama akashuka, akaweka mkoba chini, akaachia kigelegele kirefu mpaka dereva akazima redio.

"Nimekitoa kabisa," akamwambia fundi dirishani. "Sasa naingia kukaa kimya."

"Na kingine kikija?" fundi akapaza sauti, lakini basi lilishaondoka.