Turubai Juu ya Paneli

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba weka kwanza hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kugawa kwa kijiko na sitaki imwagike.

Karakana ni ya dada yenu mkubwa, aifanye ya paneli za umeme wa jua. Namwona mmoja amenuna; nuna, baba, lakini sikia. Mimi niliyekula kwa jenereta miaka arobaini, hata mama yenu akilalamika nanuka dizeli nikitoka kuoga, ndiye ninayewaambia zama zake zimepita. Zungukeni jimbo zima mtazame mapaa: shule, visima, mashine za kusaga, mpaka ile ofisi kuu iliyokuwa haipigi muhuri bila jenereta yangu kunguruma, leo imejaa paneli.

Sasa la moyoni, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Paneli za kwanza jimboni alizileta baba yenu mdogo, nne tu, akazifunga juu ya paa la zahanati, watu wakamwita Mjua Jua, nusu sifa nusu kejeli. Mimi kaka yake nikaumwa na wivu. Siku moja, yeye akiwa safarini, muuguzi akaniuliza, "Fundi, hivi vioo kukaa juani kutwa, havitapasuka?" Ulimi hauna mfupa, wanangu. Nikamjibu, "Vifunikeni turubai asubuhi, mfunue jua likizama." Wakafunika. Siku ya nne betri zikafa, friji ikazima, chanjo za watoto zikaharibika. Nikapanda mwenyewe kuliondoa lile turubai, nikarudisha jenereta yangu, nikamwambia muuguzi asimsumbue mdogo wangu kwa habari ya turubai.

Aliporudi alikagua waya kutwa nzima, hakuona kosa, akajibebesha lawama. Akahamia mwisho wa jimbo akaanza upya, na mafundi wengi mnaowaona leo amewafundisha yeye, dada yenu akiwemo. Dada yenu ndiye aliyenisimulia kwamba kila mwanafunzi mpya huambiwa na mwalimu wake huyo, "Mimi niliwahi kuharibu chanjo za watoto kwa kuunga waya vibaya; wewe kagua mara mbili." Siku ile nilitoka nje nikalia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka thelathini na moja. Nimemwita, yuko njiani. Nikikatika kabla hajafika, mwambieni ninyi, neno kwa neno, wala msinipambe. Msiseme baba aliteleza. Baba hakuteleza, alijua.

Kitinda mimba, chukua gari na vyombo vyangu, ukajifunze kwa dada yako bila kuona haya. Mwanamume hafi kwa kufundishwa na mwanamke, wala mkubwa na mdogo wake, nami nilichelewa kulijua hilo. Mama yenu asilale peke yake mwezi wa kwanza. Mazishini msiwashe jenereta, kelele zake nimezisikia za kutosha. Pendaneni, msioneane wivu, na kila nyumba mtakayoitia taa, Mungu aitie na amani, na mikono yenu... mikono yenu isikose kazi.

Nipeni maji. Kidogo... basi.

Nani huyo anavua viatu mlangoni? Mpisheni. Karibu, mdogo wangu... keti hapa, kitandani. Mkono usinipe kwanza. Sikia... waya zako... zilikuwa sawa.