Mstari wa Mwalimu Opondo

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 1 Novemba 2025, ni Mwalimu Joram Opondo Oyugi, aliyezaliwa tarehe 11 Machi 1963 hapa Usenge, mtoto wa tatu wa mzee Oyugi, mvuvi, na mama Salome, muuza omena, wale dagaa wa ziwani.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, akaendelea na sekondari Bondo hadi 1980, akahitimu ualimu wa hesabu mwaka 1985, akafundisha Kisumu mpaka alipostaafu mwezi Machi 2023, na wengi mlioketi chini ya mahema haya hamjasahau somo lake la mstari ulionyooka: ukitaka kujua unakata wapi mhimili wa eksi, fanya wai iwe sifuri, ukitaka mhimili wa wai, fanya eksi iwe sifuri, na aliyegeuza mambo aliulizwa mbele ya darasa, "Bwana, unamtafuta eksi na umeshamfanya sifuri, utampata wapi?"

Alifunga ndoa na Maryanne Adongo tarehe 16 Disemba 1989, wakajaliwa Tom mwaka 1991 na Aloo, anayewasomea haya, mwaka 1994. Waliishi nyumba ya kupanga Mamboleo, kila Krismasi Mwalimu akiahidi kutoka katika boma la baba yake aanzishe lake, kila Krismasi sababu ikapatikana, na Tom, mwanamume mwenye ndevu na watoto, akawa hawezi kujenga, kwa kuwa kwa mila yetu mwana hamtangulii baba kuanzisha boma.

Karatasi mliyogawiwa inasema aliugua kwa muda mfupi. Si kweli. Januari 2024 daktari alimwambia figo zinafanya kazi asilimia thelathini na sita, Januari 2025 asilimia ishirini, naye akaweka nukta hizo mbili kwenye ubao wa sebuleni, pale wengine wanapotundika kalenda, akapitisha rula, akafanya wai kuwa sifuri, na mstari ukagusa chini Aprili 2026. Kaka yake Owiti alisema mtu hajichorei kifo. Maryanne alichukua kitambaa cha vyombo akafuta ncha ya chini ya mstari, na Mwalimu alipoona akacheka, "Mama Tom, umefuta chaki, hesabu iko palepale," lakini hakuichora tena.

Sababu zikamwishia, akapanga kuanzisha boma Disemba, akijua ana nafasi. Mwezi Julai majibu yakaja asilimia saba, nukta ya tatu ikaanguka mbali chini ya mstari, naye akautazama ubao, akasema, "Na mimi ndiye niliyewafundisha watu kwamba nukta mbili zinatosha." Tarehe 2 Agosti, akiwa hawezi kusimama bila kushikwa, alikuja hapa Usenge kuanzisha boma kama mila inavyotaka: alibeba jogoo wake, Tom akabeba shoka, Maryanne akabeba moto, Owiti akawaonyesha mahali, na kabla jua halijatua nyumba hii ya mabati ilikuwa imesimama.

Alifariki Jumapili tarehe 19 Oktoba, hospitalini Kisumu, Maryanne akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli kila alipouliza, na aliuliza sana, majirani wa Mamboleo waliompeleka kusafishwa damu hata siku za mvua, walimu wenzake, na akina mama wa ufuoni walioacha omena juani wakaja kutupikia.

Ubao tumeuleta kutoka Mamboleo, uko ndani ya nyumba, nyuma yenu, mstari ukining'inia bila kugusa chini, na Maryanne hataki ufutwe wala umaliziwe.

Lala kwa amani, Mwalimu, kwako mwenyewe.