Mguu Uliolala

Kijiwe chetu ni benchi refu nje ya duka la baiskeli. Birika la kahawa liko ng'ambo ya uchochoro, na mlango unaofuata baada ya duka ni kibanda cha Fundi Cherehani, kimefungwa tangu kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Mkono umeshapata nafuu, mguu bado. Hospitali wamesema atatembea. Kila asubuhi Injinia, fundi baiskeli, na Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa kupita nje, humbeba kwapani toka kwake mpaka benchini, kwa sababu tunampenda. Leo kasema anatamani kitu kimoja tu: kurudi kwenye cherehani yake. Basi, ubishi ukaanza.

Injinia: Tatizo mnyororo. Ubongo unapiga pedali, gurudumu haliitiki.

Wakili: Mnyororo gani! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Fundi: Halijavunjika, Wakili. Limelala tu.

Wakili: Hiyo ndiyo hatari yenyewe! Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Mimi: Kwa hiyo tukiuamsha wa kushoto, unalala wa kulia?

Wakili: Ndivyo sheria inavyosema.

Injinia: Mimi naona mguu umesusa. Miaka yote umekanyaga cherehani, hata ahsante hajaupa.

Fundi: Niuombe radhi?

Wakili: Na soksi mpya.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Nikavuka kumchukulia Fundi kahawa, nikarudi nikiongozana na mama mmoja aliyebeba sare ya shule ya kupinda. Alikuwa amesikia yote.

Mama: Fundi akitaka kahawa, nani anamletea?

Sote: Sisi!

Mama: Akitaka kwenda mahali?

Sote: Tunambeba!

Mama: Sasa huo mguu uamke uende wapi?

Mimi, na kikombe cha Fundi mkononi, nilijiona mjinga kweli.

Fundi: Kirudishe hicho kikombe ulikokitoa.

Nikakirudisha. Akashika ukuta, akainuka. Injinia akaruka kumdaka.

Mama: Kaa karibu naye, usimbebe.

Mguu ukaburuta, ukasita, ukaburuta tena. Alifika kwenye birika jasho likimtoka, anacheka peke yake kama bwana harusi, na mimi nilifurahi hadi machozi. Akanywa amesimama.

Fundi: Sare ya lini hiyo?

Mama: Shule zinafunguliwa Jumatatu.

Akautazama mlango wa kibanda chake.

Fundi: Tangulia, mama. Nakuja.