Breki za Mwalimu Saro

Benchi letu liko mbele ya duka la kahawa la Heng, hapa Seremban, upande ambao jua haliufikii mpaka watu wa ofisini wameshaondoka. Wa kila siku ni watatu. Haji Mokhtar tunamwita Kiyoyozi, maana alitengeneza viyoyozi maisha yake yote, na mpaka leo kila tatizo duniani kwake ni gesi. Wong tunamwita Reli. Aliongoza treni za mizigo na hajawahi kukubali kwamba kuna chombo kingine cha maana. Mimi ni Barua, niligawa barua mtaa huu mpaka magoti yakagoma. Sote watatu tulijifunza kuendesha gari ukubwani, na aliyetufundisha ni mmoja, Mwalimu Sarojini, au Saro kwa kifupi. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake, na wote tunakumbuka neno lake moja: “Punguza.”

Basi Jumatatu hiyo akaegesha kile kigari chake, Satria nyekundu iliyochakaa, ile ile aliyofundishia. Alipostaafu shule ya udereva ilimwachia. Bampa la mbele lilikuwa limejaa changarawe.

— Mwalimu, umelima wapi? Reli akauliza.

— Sepang.

— Ulipotea njia ya uwanja wa ndege?

— Sikupotea. Nilikwenda uwanja wa mbio za magari. Kuna siku wanaruhusu watu wa kawaida kuingiza magari yao. Si mashindano. Unazunguka, unatoka, gari linapoa, unarudi.

Tukatazamana. Heng akaleta kahawa yenye maziwa mazito na mkate wa kuchoma. Mwalimu akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

— Mwisho wa ile barabara iliyonyooka nilikanyaga breki, akasema. Nikakuta kama nakanyaga sponji. Nikakanyaga tena, pedali ikaenda mpaka sakafuni. Nikanyoosha usukani, nikaingia kwenye changarawe iliyomwagwa pembeni kusimamisha magari. Ilinivuta mpaka ikanisimamisha.

— Alhamdulillahi, Haji akasema. Umepona. Sasa liuze.

— Mwanangu wa Penang kasema hivyo hivyo. Nimemkatia simu. Mwezi ujao narudi.

— Mwalimu, umri huu unatafuta nini?

— Haji, maisha yangu yote nimekaa kiti cha kushoto nikiwaambia watu wapunguze. Nataka kulijua gari hili siku ambayo hakuna wa kumwambia hivyo.

Hapo kijiwe kikawaka.

— Tatizo ni gesi, Kiyoyozi akaanza. Gesi imeingia kwenye breki.

— Gesi yako! Reli akamkata. Tatizo ni wepesi. Treni yenye mzigo haichezi. Jaza magunia ya mchanga kwenye buti.

— Ili lisimame wapi, Singapore? Sikiliza, Mwalimu. Natoa bomba kwenye kiyoyozi cha gari, napeleka baridi kila gurudumu. Breki zinaganda kama aiskrimu.

— Breki zikiganda zitakamata nini, bwana? Shona shuka nne, funga nyuma. Ukifika kwenye kona unaziachia, upepo unakuvuta.

— Shuka! Huyu anataka mwalimu wetu aonekane kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu, siku moja kabla ya kwenda ulikula nini?

— Durian, lile tunda la miiba.

— Si ndiyo hiyo! Kiyoyozi akapiga meza. Durian inapandisha joto la mwili. Joto likashuka mguuni, likaingia kwenye pedali, breki zikachemka.

Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Mwalimu hakucheka.

— Haji, leo umeukaribia ukweli kwa bahati mbaya. Mtu wa uwanjani kanieleza. Mafuta ya breki yakikaa miaka yanafyonza unyevu. Ukikanyaga breki sana yanapata moto, ule unyevu unachemka na kuwa povu. Mguu wako unabaki kukanyaga povu. Mjini sijawahi kujua kwa sababu mjini nilikuwa napunguza.

— Povu ni gesi! Kiyoyozi akasimama. Barua, wewe ni shahidi. Nilisema gesi!

Tukamwombea Mungu amsahaulishe, wapi.

Kuanzia hapo kila asubuhi Mwalimu alikuja na ovaroli ya marehemu mumewe, mikono imekunjwa, akaingiza gari nyuma ya duka la Heng. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama kahawa ya hapo dukani. Mimi nilikaa kwenye usukani, yeye akalala chini kutoa upepo kwenye breki.

— Kanyaga. Shikilia. Shikilia, Barua! Sasa achia.

Sauti ile ile. Jasho lile lile likanitoka kama siku yangu ya kwanza.

Akabadilisha mipira ya breki iliyokuwa na nyufa, akaweka pedi ngumu zinazovumilia moto. Akanunua tairi mpya. Rejeta akaitoa, akaiosha, akairudisha. Nati za magurudumu alikaza mwenyewe. Reli alipotaka kumsaidia alimtoa kwa kiwiko. Kisha akatoa kila kitu kinachoweza kuruka: mwavuli, boksi la tishu, na Ganesha mdogo, mungu mwenye kichwa cha tembo, aliyekuwa amegandishwa juu ya dashibodi. Huyo alimfunga kwenye kitambaa safi, akampeleka nyumbani.

Mwisho kikabaki kitu kimoja: pedali ya breki ya upande wa kushoto, ile ya mwalimu. Aliitazama kwa muda. Mpira wake ulikuwa umelika kwa umbo la kiatu chake.

— Iache tu, nikamwambia. Haidhuru kitu.

— Nikiiacha, mguu wangu utaitafuta.

Akaifungua, bolti kwa bolti, akaitupa kwenye debe la chuma chakavu.

Tulikwenda naye Sepang wote watatu, ndani ya gari la Reli. Tukasimama nyuma ya uzio. Mizunguko ya mwanzo alikwenda taratibu, akiwapisha vijana wenye magari makubwa kwa kuwanyooshea kidole wapite. Kisha tukausikia mlio wa ile injini ukipanda. Alikuja kwenye ile barabara ndefu kama mtu aliyetukanwa. Pale pa kukanyaga breki mguu wangu ulikandamiza sementi, na Haji alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Pua ya gari ikainama. Likapunguza mwendo, likakata kona, likaenda zake.

— Limeshika! Reli akapiga kelele. Limeshika, jamani!

Likashika na mzunguko uliofuata, na uliofuata tena. Alipotosheka alizunguka polepole ili breki zipoe, akaingia kuegesha. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye breki ya mkono, kama ulivyokwenda maisha yake yote, ukasimama hewani. Breki zikiwa za moto breki ya mkono haivutwi, zisije zikagandana. Akaweka gia, akashuka, akaweka kipande cha mbao nyuma ya gurudumu. Akavua helmeti. Nywele zilikuwa zimemganda usoni.

— Kumbe lilikuwa linaweza, akasema. Siku zote hizi lilikuwa linaweza.

Akakaa chini pale pale, mgongo kwenye mlango, akacheka na machozi yakimtoka.

Asubuhi iliyofuata benchi lilijaa. Kila mtu alitaka sifa yake.

— Mimi niligundua gesi.

— Mimi nilizitazama zile nati.

— Mimi nilikanyaga pedali! nikasema.

— Mafuta ya breki yakizeeka ni hatari, Kiyoyozi akawa anawahubiria hata wapita njia. Hatari sana! Yanafyonza unyevu, yanachemka, unakufa!

Kwenye meza ya pembeni alikaa Fidelia, dada mgeni kutoka Sabah aliyepanga chumba cha juu ya duka. Alikuwa ametusikiliza muda wote, mkate mkononi. Akageukia magari yetu matatu yaliyoegeshwa mbele.

— Samahani, wazee wangu. Hayo yenu mlibadilisha mafuta ya breki lini?

Haji akatazama ndani ya kikombe chake. Reli akaanza kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala. Mimi nilijaribu kukumbuka, nikakumbuka tu kwamba nililinunua gari likiwa tayari limetumika.

Mwalimu Saro akamaliza kahawa yake, akakunja mikono ya ovaroli, akatunyooshea kiganja.

— Leteni funguo.