Kiherehere, Aliyeitafutia Lugha Watu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake. Alitembea mapema na hakutulia tena. Shangazi yake alimbandika jina la Kiherehere, nalo likamkaa.

Shule ya msingi aliisoma akiwa amesimama. Mwalimu wa hesabu, baada ya kuchoka kumkalisha, alimhamishia nyuma asiwazibe wenzake. Mwaka 2004 alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya bima, ambako alitunza mifumo ya malipo hadi alipougua.

Lakini kilichomhangaisha hakikuwa kazi ya mshahara. Chuoni alikutana na lugha ndogo ya kuandikia programu, isiyojulikana na wengi, akaona inasomeka kuliko zote. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliingia kwenye tovuti za mashindano, ambako watu wa nchi mbalimbali hupewa fumbo moja na kila mmoja hulijibu kwa lugha ya programu anayoitaka. Alijibu kwa mistari mitatu pale wengine walipojaza ukurasa. Alipongezwa sana. Hakuna aliyeijaribu lugha yenyewe.

Tarehe 17 Septemba 2011 alifunga ndoa na fundi friji. Siku moja mumewe alichungulia kompyuta begani kwake.

“Mke wangu, hapa unawafundisha au unawatambia?”

“Si wanaliona jibu?”

“Wanakuona wewe.”

Alinuna siku mbili. Kisha akaanza kuandika majibu marefu, akieleza kila mstari, na alipokosea aliliacha kosa lionekane. Akaporomoka kwenye orodha ya washindi. Maswali ya wasomaji yakaanza kuingia.

Januari 2024, tovuti aliyoipenda zaidi ilitangaza kwamba lugha zenye watumiaji wasiofika ishirini zingeondolewa mwisho wa mwaka. Machi, madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Wodini aliulizia kompyuta kabla ya dawa. Mumewe alishindwa kumtazama akihangaika.

“Nifungue akaunti kumi kwa majina ya uongo, nibandike majibu yako. Nani atajua?”

“Baba watoto, lugha inataka watu, haitaki majina. Vuta kiti. Fungua fumbo la kwanza.”

“Mimi na friji zangu?”

“Friji ikikataa kugandisha, unaanzia wapi?”

“Kwenye umeme.”

“Haya, umeme wa hili fumbo unaingilia wapi?”

Jibu la mumewe lilikataliwa, akarudia, likakataliwa tena. Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kuchungulia, lakini hakumwandikia hata herufi moja. Jumamosi, tarehe 2 Novemba, jibu lilikubaliwa. Marehemu alilisoma lote, akasema, “Mstari wa nne haufanyi kazi yoyote. Utoe.”

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa nne asubuhi, mumewe na dada yake wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi, kaka na dada. Ameacha pia watu kumi na mmoja wanaoiandika lugha ile, wengi wao hakuwahi kuwaona. Tovuti inataka ishirini, na mwaka haujaisha. Mumewe ameshautoa mstari wa nne na kufungua fumbo la pili.

Mungu ampe pumziko jema.