Bwana Mifugo Aliyepita Bila Kushuka

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, endelea nayo. Anayepepeta mchele apepete, anayeshona wavu ashone. Sisi tunaomba sikio tu. Leo tunamkumbuka Mzee Telesphory Ruhuza, aliyefariki Jumanne alfajiri nyumbani kwake Buzebazeba, akiwa na umri wa miaka themanini na tatu. Kwa waliofungua redio sasa hivi, narudia: Mzee Telesphory Ruhuza, bwana mifugo wa baiskeli, hatunaye tena.

Wazee wa Mwandiga na Kidahwe mnamkumbuka. Vijana mlimwona tu kama babu mmoja anayetembea na fimbo, anasimama mbele ya kila ng'ombe amtazame macho na kwato, na mwenye ng'ombe asipouliza, anaambiwa hali ya mnyama wake vilevile.

Mwaka wa Uhuru Telesphory alikuwa kijana wa Mwandiga, ametoka kumaliza kozi fupi ya mifugo. Nchi mpya ilikuwa inatafuta watu wa kazi. Ofisini wakamuuliza, "Unajua kuendesha baiskeli?" Akajibu, "Ndiyo, mkubwa." Uongo mtupu, wasikilizaji. Alikuwa hajawahi hata kukalia tandiko. Wakamkabidhi baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma nyuma na kengele kubwa kwenye usukani. Akaisukuma kwa miguu mpaka Ujiji, mahali asipojulikana, akajifunze kuanguka bila mashahidi.

Mashahidi wakapatikana. Siku ya pili breki zilimshinda kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, akaishia katikati ya dagaa walioanikwa. Mwenye dagaa alikuwa binti anayeitwa Marsiana, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo na kuhamia Ujiji kabla yeye hajazaliwa. Bibi Marsiana sasa ni mjane wa marehemu. Juzi tulipokwenda kumpa pole, alitusimulia mwenyewe, na katikati ya msiba akacheka.

"Niliona kitu cheusi kinashuka kwa kasi, juu yake kijana mwenye sare za mifugo kakodoa macho. Yeye sikumjali. Niliwajali dagaa. Nikamwambia, we Bwana Mifugo, hawa si ng'ombe, hebu toka juu ya dagaa wangu! Kesho yake akaja kuomba radhi. Kesho kutwa akaja tena kuomba radhi. Wiki nzima anaomba radhi. Mama akaniuliza, Marsiana, hivi hao dagaa walikuwa wangapi?"

Walifunga ndoa mwaka 1964.

Sasa tuingie barabarani, maana maisha ya mtu huyu yalikuwa barabarani. Mara tatu kwa wiki alitoka mjini kabla jua halijachomoza. Anapanda mpaka Mwandiga, anapita Kidahwe, kisha anaiacha barabara kubwa na kushika njia ya changarawe inayokwenda kwenye ranchi ya Rukombe. Ranchi hiyo ilikuwa ya umma, uwanda wa nyasi uliozungushiwa waya, ng'ombe wametawanyika mpaka jicho linachoka. Gari lilipita mara moja kwa siku, na siku nyingine halikupita kabisa. Ilikuwa ni yeye, mnyororo, na changarawe inayosagika chini ya tairi. Bibi Marsiana anasema mumewe aliijua ile njia kwa sikio. Changarawe ikinguruma, ni ngumu, kanyaga. Ikinong'ona, kuna mchanga, shika usukani vizuri. Akifika kilele cha mwisho aligeuka kulitazama ziwa kwa mara ya mwisho, kisha akaacha baiskeli iteremke yenyewe, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kanisani hakuthubutu kuitoa. Alikuwa na furaha kwelikweli. Si watu wengi tunaoweza kusema hivyo juu ya kazi zetu.

Lakini hatukuwaita hapa kusifia tu. Familia yenyewe imetuomba tusimulie jambo la mwaka 1973, kwa sababu marehemu alitaka lisimuliwe. Na tukilificha, tutakuwa tumemkumbuka mtu mwingine.

Mwaka ule watu wengi wa mkoa wetu walikuwa wametoka tu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kando ya ranchi ya Rukombe kilizaliwa kijiji kipya, na watu wakaja na ng'ombe wao. Walikuwa na hofu moja: kwamba iko siku ng'ombe hao wataswagwa waingizwe ndani ya waya wa ranchi, na ndiyo itakuwa kwaheri. Mkubwa wao kwa umri alikuwa Mzee Leodgar. Alilosema Mzee Leodgar asubuhi, kijiji kizima kilikuwa kinalifanya kabla ya mchana.

Novemba, mvua za kwanza, ukaja ugonjwa wa chambavu. Wafugaji mnaujua. Unawachagua ndama na mitamba walionona, mguu unavimba, na siku ya pili huna ndama. Dawa yake ni chanjo, na chanjo inataka ubaridi. Telesphory akapata barafu kwenye ghala la samaki mjini, akaifukia kwenye debe lenye vumbi la mbao, akalifunga kwa maganda ya mgomba, akaliweka kwenye keria na kuondoka. Barafu ile ilikuwa ya siku moja na nusu, haizidi. Siku ya kwanza ranchi, asubuhi ya pili kijiji.

Akapata pancha Kidahwe. Kiraka kikakataa kushika, akabandika cha pili. Saa nzima ikapotea, jua limepanda, na debe limeanza kudondosha maji kwenye changarawe. Anakanyaga, anasikia tone. Anakanyaga, anasikia tone. Msije mkasema haraka haraka haina baraka. Mngekuwa nyinyi mngekanyaga vilevile.

Karibu na kijiji akamkuta Mzee Leodgar yuko katikati ya njia na ng'ombe wake.

Wasikilizaji wa mbali, lazima niwaeleze desturi hii. Kule kwetu, mpanda baiskeli akikutana na mzee, anashuka. Hasalimii akiwa juu ya tandiko. Anashuka, anashika usukani, anatoa shikamoo, anaulizia watu wa nyumbani, halafu anaulizia ng'ombe. Ndipo anaagana. Telesphory aliijua desturi hiyo kuliko jina lake, na kwa miaka kumi na zaidi hakuwahi kuivunja. Siku hiyo hakushuka. Alipiga kengele. Alipiga kengele ng'ombe wapishe, na mwenye ng'ombe apishe, akapaza sauti, "Shikamoo Mzee!" akapita. Vumbi likabaki na mzee.

Alichanja ng'ombe wote wa ranchi mpaka jioni. Asubuhi akaenda kijijini, kwenye kibanio cha miti cha kubania ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Akasubiri. Akapita nyumba kwa nyumba. "Mwakeye, Bwana Mifugo," wanamsalimu kwa Kiha, kwa upole, wanamletea kigoda akae. "Ng'ombe? Ng'ombe wako mbali leo." Nyumba ya pili, ng'ombe wako mbali. Nyumba ya tatu, wako mbali. Mchana barafu ikaisha, na chanjo iliyobaki akaimwaga. Hakuna aliyemwambia sababu. Adabu ya kwetu ina ugonjwa wake huo: tunaweza kukukasirikia tukiwa tunakukaribisha kiti.

Telesphory alidhani ni ile hofu ya ranchi. Akarudi mjini, akaandika taarifa ya mstari mmoja: wanakijiji wamekataa chanjo.

Nisikilizeni vizuri hapa. Hilo ndilo lililomuuma mpaka anaingia kaburini. Kutoshuka kulikuwa kosa la dakika moja. Mstari ule aliuandika akiwa amekaa, ametulia, ana kalamu mkononi.

Wiki mbili baadaye ndama ishirini na watatu walikuwa wamekufa pale kijijini. Saba walikuwa wa Mzee Leodgar.

Mkubwa mmoja wa tarafa akaja kwa Landrova, akaitisha mkutano, na akamleta Telesphory awe shahidi wake. Akaisoma ile taarifa mbele ya watu. Akasema kijiji hiki kimekataa dawa ya serikali, kimeachia ugonjwa uenee, basi ng'ombe waliobaki watakwenda ranchi kutunzwa na wanaojua kutunza. Na mzee huyu aliyewapotosha wenzake ataondoka naye leo hii, ajieleze mbele ya safari. Wanawake wakaanza kulia. Hofu yao ya mwaka mzima ilikuwa imesimama mbele yao, inasoma karatasi.

Mzee Pastory ni mtoto wa Mzee Leodgar. Siku ile alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na mitano, amesimama nyuma ya baba yake. Alituambia hivi:

"Baba hakupiga kelele. Alisimama, akasema, mimi sikukataa dawa. Mimi nilikataa kupigiwa kengele kama mbuzi. Yule kiongozi akacheka. Akamgeukia Bwana Mifugo, akasema, hebu waambie huyu mzee aache hadithi. Nikamwangalia Telesphory. Nikajua sasa hivi atatumaliza."

Wasikilizaji wapendwa, kumbukeni alikuwa na mke na watoto watatu, mkubwa wao Skolastika. Kazi ile ndiyo ilikuwa sahani yao. Neno moja tu lilitakiwa: hadithi. Angesema hivyo, angepanda Landrova, angefika nyumbani kabla ya chakula.

Telesphory akasimama. Kwanza alimgeukia Mzee Leodgar, akainama, akatoa shikamoo aliyokuwa amechelewa nayo wiki mbili. Kisha akasema, "Mzee anasema kweli. Sikushuka. Nilimpigia kengele. Na hiyo taarifa niliiandika bila kuuliza sababu. Hawa hawakukataa chanjo, walinikataa mimi. Kosa ni langu."

Yule mkubwa akaikunja karatasi mara nne. Bila shahidi hakuwa na kesi, na watu walikuwa wameshaanza kunyanyuka. Ng'ombe hawakwenda ranchi. Mzee Leodgar hakwenda popote.

Telesphory yeye alipewa barua kali, na baiskeli ikachukuliwa mwaka mzima. Vijiji vilibaki vilevile, kazi ilibaki ileile. Akaifanya kwa miguu, mzigo wa dawa kichwani, anatoka Jumatatu anarudi Alhamisi. Bibi Marsiana anasema, "Nilikuwa namkanda miguu kwa maji ya chumvi. Nikimwambia kaombe wakurudishie baiskeli, ananiambia, Marsiana, acha kwanza."

Baada ya miezi mitano, mchana mmoja, Bibi Marsiana alikuwa anapika hapo Buzebazeba. Akasikia kwato uani. Akamkuta Mzee Leodgar amesimama, miguu yote vumbi, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mtamba mwekundu. Ndiye pekee aliyenusurika katika mitamba yake. Alikuwa amemswaga tangu jana yake.

Kwa Waha kumgabira mtu ng'ombe, yaani kumpa awe wake, si mchezo. Ukimgabira mtu, mmekuwa ndugu, na watoto wenu ni ndugu. Telesphory alitoka ndani, akainama, akatoa shikamoo. Mzee Leodgar akaitikia, akasema, na maneno yake Bibi Marsiana anayo mpaka leo:

"Mwanangu, ulikosa ukasema mbele ya watu. Mimi nilikosa nikanyamaza. Siku ile ulipopita niliona debe linadondosha maji. Niliona jasho lako. Nilijua umebeba dawa, na nilijua una haraka ya kweli. Nikawaambia wenzangu waondoe ng'ombe hivyohivyo. Chukua huyu."

Walilia wote wawili, watu wazima, uani, chakula kinaungua. Bibi Marsiana anasema hakukiokoa.

Urafiki ule ulidumu mpaka Mzee Leodgar alipofariki, na baada yake ukaendelea kwa mwanawe, Mzee Pastory. Mwezi uliopita Mzee Pastory alikuja Buzebazeba kumjulia hali mgonjwa. Telesphory alikuwa hawezi tena kukaa. Akamshika mkono, akaanza tena kuomba radhi, kama alivyofanya miaka yote. Mzee Pastory akamwambia, "Baba Skolastika, yamekwisha hayo. Baba yangu alikusamehe, na wewe ukamsamehe. Pumzika."

Telesphory akasema, "Sisi tulisameheana. Wale ndama je?"

Mzee Pastory anasema alibaki ameushika mkono ule.

Kwako Bibi Marsiana, kwa binti yenu mkubwa Skolastika na wadogo zake, kwa Mzee Pastory na ukoo wote wa marehemu Leodgar, na kwa wafugaji wote wa njia ya Kidahwe: poleni sana. Mungu ampokee mzee wetu, na awape nyinyi nguvu ya kuibeba siku hii na zinazokuja.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Huenda leo hii una haraka, na haraka yako ni ya kweli. Huenda mwenzako ameumia, na uchungu wake ni wa kweli. Mnaweza kununiana mkitaka, nyote mna sababu. Lakini kabla hamjanuna, tazameni nani amesimama katikati yenu, hajui kengele wala shikamoo, anangoja dawa.